Linux, Bando na Miamba ya Mwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025, Watanzania wakiwa kwenye mapumziko ya Siku ya Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Habari hiyo haikupigiwa mbiu jijini Mwanza, lakini inawagusa watu wengi wa huko. Kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa madukani mara nyingi ni za miaka ya nyuma, na zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 karibu zote hukataliwa na Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, isipungue kizazi cha nane. Kibodi ni nzima, kioo hakina mkwaruzo, betri bado inashika chaji, ila mwenye programu ameshaipa mashine kisogo.

Hapo ndipo fundi anapotaja Linux. Ni ya bure, inakubali mashine za zamani, na kuiweka hakuhitaji zaidi ya flashi moja na subira kidogo. Fundi anachomeka flashi, anabofya mara chache, na baada ya muda mfupi Linux Mint au Ubuntu inawaka kwenye kioo. Mwenye mashine anaangalia, anaridhika, kisha anauliza: sasa naingiaje mtandaoni?

Majibu ya swali hilo ni mengi kuliko anavyodhani. Kwenye simu ya Android hakuna cha kuchagua. Aliyetengeneza simu ameshaamua. Kwenye Linux, keneli, ule moyo wa mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991, kazi yake huishia kwenye kuitambua kadi ya mtandao na kupitisha data. Nani akumbuke nywila ya waifai, nani aombe anwani kwa rauta, nani aamue kama data ipite kwenye kebo au kwenye modemu, hayo yote yameachiwa programu nyingine, zilizoandikwa na watu mbalimbali kwa mahitaji mbalimbali. Ipo NetworkManager, ipo ConnMan, ipo systemd-networkd, ipo iwd, na yapo mafaili ya Debian ya kuandikwa kwa mkono. Wapenzi wa Linux hubishana sana kuhusu ipi nyepesi na ipi inakula kumbukumbu kidogo. Kwa mtu anayeishi Buhongwa, Igoma au Nansio kule Ukerewe, kipimo hicho kinaweza kusubiri. Chake cha kwanza ni bando.

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam ikipitia chini ya bahari. Kabla ya hapo, aliyetaka intaneti kando ya Ziwa Victoria alitegemea setilaiti, kama kilivyofanya kituo cha mawasiliano cha jamii cha Sengerema kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa mashirika kama UNESCO na ITU. Leo ofisi kubwa, benki na vyuo vinaweza kuvutiwa fibre. Raia wa kawaida bado anaishi kwa laini ya simu: hotspoti, modemu ya kuchomeka, au rauta ndogo yenye laini ndani yake. Kila megabaiti imelipiwa kabla haijatumika. Na mawimbi nayo yana vituko vyake katika jiji lililojengwa juu ya miamba. Nyumba iliyojificha nyuma ya jabali inaweza kupata 4G dirishani na kushuka hadi 3G chumba cha pili. Kwa hiyo programu ya mtandao inayofaa huko ni ile inayofahamu kwamba njia inalipiwa, na kwamba njia hiyo inaweza kukatika wakati wowote.

Kwa kipimo hicho, NetworkManager inawaacha wenzake mbali. Ilianzia kampuni ya Red Hat mwaka 2004, na leo inakuja ndani ya Ubuntu, Mint, Fedora na Debian yenye muonekano wa GNOME. Wengi huifahamu kwa ile alama ndogo ya waifai pembeni mwa kioo. Wachache wanajua kwamba kila mtandao iliouhifadhi una sehemu ya kuandika kama unalipiwa kwa kipimo au la. Mtumiaji asipoandika chochote, programu hujaribu kukisia yenyewe, na makisio yake yana akili. Simu ya Android inapotoa hotspoti, wakati wa kuipa kompyuta anwani hupenyeza pia neno linalosema kwamba njia hii inapimwa. NetworkManager hulisoma neno hilo na kuwapa taarifa wengine ndani ya mashine. Duka la programu la GNOME huacha kushusha masasisho kimyakimya. Mfumo wa masasisho ya kujiendesha wa Debian na Ubuntu nao husubiri.

Faida yake inaonekana kwenye mfuko. Kifurushi kimoja tu cha Ubuntu, kile chenye programu ndogo za kuendeshea vifaa kiitwacho linux-firmware, kinaweza kupita MB 200 kikishushwa. Mwanafunzi aliyeunga bando la GB 1 asubuhi ili atume kazi ya darasa anaweza kulikuta limekwisha kabla hajafungua barua pepe, na asijue limekwendaje.

Ila makisio yana mipaka, na mipaka hiyo inaangukia kwenye vifaa vinavyotumika sana. Rauta ndogo ya mfukoni yenye laini, kwa macho ya kompyuta, ni waifai kama waifai nyingine. Si lazima itume lile neno la Android. Modemu za Huawei za aina ya HiLink, kama E3372, ndizo zenye mtego mkubwa zaidi. Modemu hiyo ina rauta nzima ndani yake, na ikichomekwa kwenye USB hujitambulisha kama kadi ya kebo, yenye ukurasa wake wa mipangilio kwenye anwani 192.168.8.1. Linux huipokea mara moja bila draiva ya ziada, na hapo mtu hufurahi. Kumbe NetworkManager imeamini kwamba mashine imechomekwa kebo ya ofisini, isiyo na kikomo, na masasisho yanaanza kumiminika. Dawa ni kuiambia ukweli mara moja tu. Kwenye mipangilio ya mtandao huo kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba unapimwa. Wanaopenda terminali huandika nmcli connection modify, wakafuatisha jina la mtandao, kisha connection.metered yes. Watumiaji wa Ubuntu wana hatua nyingine ya kuongeza, kwa sababu programu za snap zina ratiba yao: sudo snap set system refresh.metered=hold huzizuia zisijisasishe kwenye njia ya kulipia. Amri hizo mbili zafaa ziandikwe ukutani kwenye kila duka linalouza mashine za Linux kanda ya ziwa.

Upande wa kukatika nako kuna mambo. Kompyuta ikiwa na njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja, NetworkManager huzipanga kwa namba, na namba ndogo ndiyo hutangulia: kebo hupewa 100, waifai 600, modemu ya simu 700. Kebo ikichomolewa, data huhamia waifai. Waifai ikipotea, huhamia modemu, na mwenye mashine huenda asitambue. Shida kubwa ni ile ya waifai kuonyesha mistari yote imejaa huku kurasa hazifunguki, kwa kuwa rauta iko hai lakini nyuma yake hakuna intaneti. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, hali hiyo ilionekana Afrika Mashariki yote, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku ya namna hiyo mtoa huduma mmoja anaweza kukwama kabisa huku mwingine, mwenye njia tofauti, akienda kwa kusuasua. NetworkManager ina kipimo cha kulijua hilo: kila baada ya muda, kwa kawaida sekunde 300, huuliza ukurasa mdogo ulioko mbali kama unafikika. Usipojibu, ile namba ya mtandao huongezewa 20,000, hivyo waifai iliyokufa husukumwa nyuma ya modemu iliyo hai. Ubuntu ya mezani huja na kipimo hiki kikiwa kimewashwa. Kwenye Debian kinahitaji kifurushi cha ziada, network-manager-config-connectivity-debian, na ni kifurushi kinachostahili zile kilobaiti chache za kukishusha.

Kabla ya HiLink kulikuwa na modemu za kizazi cha kwanza, zile nyeupe au nyeusi zilizofanana na flashi, na bado zimejaa kwenye droo za watu. Hizi zilikuwa na desturi iliyowatesa watumiaji wa Linux kwa miaka. Ukiichomeka, modemu hujifanya CD yenye programu ya Windows. Windows huisoma CD hiyo, huweka programu, kisha huiamuru modemu iwe modemu. Kwenye Linux ilibaki CD. Mjerumani Josua Dietze aliandika programu ndogo iitwayo usb_modeswitch inayotuma amri hiyo kwa niaba ya mtumiaji, na leo imo kwenye matoleo mengi ya Linux. Ikishamaliza kazi, ModemManager, mwenza wa NetworkManager, huichukua modemu na kuzungumza nayo. Jina la lango la mtoa huduma halihitaji kukaririwa. Kuna orodha ya nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na mtumiaji huchagua nchi na kampuni yake tu.

Jambo moja la ModemManager halitajwi vya kutosha. Tanzania bando huungwa kwa kupiga namba zinazoanza na *149*, na wenye modemu wamezoea kuchomoa laini, kuitia kwenye simu, kuunga, kisha kuirudisha. Programu hii inaweza kupiga namba hizo yenyewe kupitia modemu: amri ya mmcli ina sehemu ya USSD, na kwa wasiopenda kuandika amri ipo programu ya madirisha iitwayo Modem Manager GUI, inayosoma pia ujumbe mfupi. Modemu za HiLink hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine, kupitia ukurasa wao wenyewe, na si zote zinazoiruhusu.

Programu nyingine ya mtandao, Wicd, inastahili kutajwa kwa heshima, halafu iachwe. Katikati ya miaka ya 2000, NetworkManager ilipokuwa bado changa na yenye kukwama, Wicd iliwaokoa watu wengi kwa wepesi na uwazi wake. Lakini ilijua kebo na waifai tu. Modemu ya laini haikuwa kwenye hesabu zake, na hiyo peke yake ilitosha kuifanya isifae sana Mwanza. Iliandikwa kwa Python 2, lugha iliyofikia ukomo tarehe 1 Januari 2020, na Debian 11 ilipotoka Agosti 2021 Wicd haikuwemo. Maelekezo yanayoisifu bado yanasambazwa, na vijana wanaendelea kuitafuta kifurushi kwa kifurushi bila kuipata.

Hata hivyo, chanzo cha malalamiko mengi kuhusu intaneti ya Linux ni programu mbili kushika kazi moja. Mtu anasoma mahali kwamba ConnMan ni nyepesi, anaiweka bila kuiondoa NetworkManager, na kuanzia hapo waifai inaunganika na kukatika kila dakika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: moja inaomba anwani, nyingine inaifuta. Debian ina sura yake ya tatizo hili. Kadi ikiwa imetajwa kwenye faili la zamani la /etc/network/interfaces, NetworkManager huiachia faili hilo na kuandika kwamba kifaa hakisimamiwi. Mtu aliyeweka Debian akitumia waifai wakati wa usanikishaji anaweza kuikuta alama ya mtandao haionyeshi chochote, ilhali intaneti inafanya kazi. Akiondoa mistari inayohusu kadi hiyo na kuiwasha mashine upya, mambo hukaa sawa.

Kuna pia mashine ambayo haioni waifai kabisa. Baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Dell zina chipu za Broadcom ambazo draiva yake haiwekwi kwenye flashi ya usanikishaji, hivyo inahitajika intaneti ili kupata intaneti. Mwenye waya wa USB na simu ya Android anatoka hapo kwa urahisi. Achomeke simu, awashe kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kebo bila kudai draiva. Hali imekuwa afadhali tangu Debian 12 ya Juni 2023 ilipoanza kuja na programu za vifaa zisizo huria kwenye flashi yenyewe. Intel nyingi na Realtek huwaka pale pale. Broadcom za zamani bado ni kazi.

Hayo yote ni ya mashine inayohama. Iliyowekwa mahali pamoja ina mahitaji mengine, na kanda ya ziwa ina mfano wake mzuri. Katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoa wa Mara, mradi wa ICT4RD uliowaunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm ulijenga mtandao ulioitwa Serengeti Broadband Network, ukitumia nyuzi za fibre za shirika la umeme, TANESCO, kuunganisha taasisi za huduma kama shule, hospitali na ofisi za serikali. Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu kazi hiyo mwaka 2011. Pamoja na watafiti Björn Pehrson na Robert Olsson alichunguza namna ya kuendesha vituo vya mtandao mahali ambapo umeme hautabiriki, kwa rauta za gharama nafuu zinazotumia Linux na kula umeme kidogo. Olsson huyo ni mmoja wa watu watatu waliobuni NAPI, utaratibu ambao keneli ya Linux hutumia hadi leo kupokea data nyingi bila kuzidiwa. Kwa maneno mengine, akili iliyomo kwenye kila mashine ya Linux duniani ilikuwa pia mezani wakati Bunda inaunganishwa.

Seva ya zahanati au ya ofisi ya mkoa haihitaji alama ya waifai wala makisio. Huko systemd-networkd inatosha, na kwenye Ubuntu ya seva huandikiwa mipangilio kupitia Netplan, iliyoingizwa na Canonical katika toleo la 17.10 la mwaka 2017. Mipangilio ni faili moja fupi, na haibadiliki mpaka mtu aibadilishe. Kasoro zake mbili zinahusu mazingira haya moja kwa moja. Matoleo yake mengi hayasimamii modemu za laini. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, seva huwaka pamoja na rauta, rauta ikachelewa, na seva ikasimama ikingoja mtandao hadi dakika mbili kabla ya kuendelea na kazi zake. Kadi isiyo ya lazima inapaswa kuandikiwa optional: true kwenye faili la Netplan ili mashine isiingoje. Seva ikiwa nyuma ya rauta ya laini, yale masasisho ya kujiendesha nayo hayana wa kuyazuia. Yapangiwe saa, hasa usiku kwa mwenye bando la usiku.

Programu za iwd na ConnMan, zote za kutoka Intel, zina nafasi yao kwenye vifaa vidogo. Ya kwanza, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, huunganisha waifai haraka kuliko wpa_supplicant ya Jouni Malinen iliyotumika kwa miaka mingi, na inaweza kufanya kazi chini ya NetworkManager bila ugomvi, kwa sababu hapo NetworkManager ndiyo inayotoa amri. Kwenye Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo ambazo wilayani Karatu zimekuwa zikitumika kwenye maabara za shule zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, mfumo wake rasmi ulihamia NetworkManager Oktoba 2023. Maelekezo ya kabla ya hapo, yanayomtuma mwalimu kuhariri faili la programu ya zamani ya dhcpcd, hayafanyi kazi tena kwenye matoleo mapya.

Mwalimu wa shule yenye kompyuta ishirini hana haja ya kuandika nywila ya waifai mara ishirini. Mtandao ukishawekwa sawa kwenye mashine ya kwanza, pamoja na alama ya kwamba unapimwa, NetworkManager huuhifadhi kama faili lenye kiishio cha .nmconnection ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections. Ubuntu kuanzia toleo la 23.10 huuweka ndani ya /etc/netplan. Kabla ya kulinakili afungue faili hilo na kuondoa mstari wa interface-name kama upo, maana jina la kadi hutofautiana kati ya mashine na mashine. Kisha anakili kwa flashi, mashine moja baada ya nyingine. Faili lazima limilikiwe na root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na lipewe ruhusa ya 600, kwani lina nywila ndani yake. Likiwa wazi kwa wengine, NetworkManager hulipuuza, na mwalimu atashinda mchana kutwa akitafuta kosa kwenye rauta.